Mshipi, ndoano nyingi au mgono: zana ipi inakufaa kumvua kambare?

Kambare yupo karibu kila penye maji baridi Afrika Mashariki. Yupo Rufiji na Kilombero, yupo Malagarasi, yupo Tana na Nzoia, Ziwa Victoria, Rukwa, Baringo, bwawa la Mtera, na hata kwenye madimbwi ya mashamba ya mpunga ambayo ukiyatazama mwezi wa Septemba huamini kuwa yana samaki. Anayetaka kuanza kumvua hakosi mahali. Anachokosa ni uamuzi: anunue mshipi na ndoano mbili tatu, afunge kamba ndefu yenye ndoano nyingi, au amtafute fundi amsukie migono, yaani mitego ya fito?

Ukiwauliza wavuvi, kila mmoja ataisifia zana yake, na hakuna anayekudanganya. Anayetega migono kwenye mbuga zilizofurika za Kilombero anajibu kwa maji yake, na anayelaza ndoano usiku kucha kando ya kisiwa cha Ukerewe anajibu kwa maji yake. Mtu wa tatu, ambaye maji yake ni mengine na shida yake ni nyingine, akichukua jibu la mmoja wao anaweza kupoteza fedha na msimu mzima. Ndiyo maana nimeziweka zana hizi tatu pamoja na kuzipima kwa vigezo vilevile.

Mjue samaki mwenyewe

Ninayemzungumzia ni kambare mkubwa wa kawaida, Clarias gariepinus kwa jina la kitaalamu, ambaye Waluo humwita mumi na wafugaji wengi wa samaki humwita kambare mumi. Hana magamba. Ana sharubu nane, kichwa bapa kigumu cha mfupa, na pezi la mgongoni linalokwenda hadi karibu na mkia. Anaweza kuzidi mita moja na nusu na kufikia kilo 60, ingawa wanaofika sokoni wengi ni wadogo kuliko hapo kwa mbali.

Tabia zake tatu ndizo zinazoamua zana. Ya kwanza ni kwamba hutafuta chakula zaidi usiku, karibu na chini, kwa kunusa na kupapasa kwa sharubu. Macho yake ni madogo na hayategemei sana. Zana yoyote utakayochagua, chambo chenye harufu ndicho kitakachokuitia kambare.

Ya pili ni pumzi. Juu ya mashavu yake kambare ana kiungo cha ziada cha kupumulia hewa, na ndiyo sababu utamwona akipanda juu, akagusa uso wa maji, akarudi chini. Kwa uwezo huo anaishi kwenye tope ambalo sato angekufa, na ukimtoa majini anakaa hai kwa saa nyingi ukimweka pahali penye unyevu. Kwa mwenye kuuza, hilo ni jambo kubwa.

Ya tatu ni kuhama. Mvua za kwanza zikinyesha na mito ikianza kumwaga maji pembeni, kambare hupanda vijito na kuingia kwenye nyasi zilizofunikwa na maji ili kutaga. Maji yakipungua hurudi mtoni, ziwani, au hubaki kwenye mashimo ya maji. Anayejua njia hizo za kwenda na kurudi anavua bila kuhangaika. Anayezitumia vibaya anamaliza samaki, na nitalirudia hilo chini kwa sababu linaniuma.

Wapo pia ndugu zake ambao zana zilezile huwanasa. Ziwa Victoria lina mbofu, anayependa maji yenye kina na miamba, na wapo gogogo wenye miiba ya kukaza inayochoma vibaya. Mbofu hana ile pumzi ya hewa, kwa hiyo akitoka majini hufa upesi. Usimpangie biashara ya samaki hai.

Vigezo

Nimezipima zana kwa mambo haya: gharama ya kuanza na ya kuendeleza, kazi na muda unaokula, maji inayoyafaa, yaani mto au ziwa, samaki anatoka katika hali gani, hatari kwa mvuvi, na kinachobaki majini baada yako.

Nyavu za kutega sikuziweka kwenye ulinganisho, ingawa zinawakamata kambare wengi. Kambare hujisokota kwenye wavu na kuuchana kwa miiba ya mapezi yake ya kifuani, kwa hiyo anayemlenga yeye peke yake hushinda akishona. Tena nyavu zina masharti mengi zaidi ya ukubwa wa macho na aina ya uzi. Nchini Tanzania nyavu za uzi mmoja wa nailoni, zile za timba, zimepigwa marufuku, na makokoro katika maji baridi vilevile. Anayeanza ana njia nyepesi zaidi.

Mshipi wa mkono

Hii ndiyo zana ya mtu mmoja: uzi wa nailoni, ndoano moja au mbili, chubwi ya risasi au kijiwe cha kuzamishia, na ukipenda ufito wa mwanzi. Wenye uwezo hutumia fimbo ya kisasa yenye gurudumu la kukunjia mshipi. Inarahisisha kutupa mbali na kumchosha samaki mkubwa, lakini kambare wa kitoweo hakuhitaji hayo.

*Gharama.* Hakuna iliyo rahisi kuliko hii. Uzi na ndoano vinapatikana katika maduka ya vifaa vya uvuvi na mara nyingi katika duka la kawaida la senta. Chukua uzi mnene kidogo, maana kambare akinaswa hujiviringisha, na uzi mwembamba unasokotana hadi unakatika. Kwa ndoano, namba 6 hadi 8 zinatosha kwa samaki wa kawaida. Kumbuka namba ikipungua ndoano inakuwa kubwa.

*Kazi na muda.* Hapa ndipo bei yake ilipo. Mshipi unavua ukiwa umeushika. Utakaa jioni kuanzia jua linapozama, na saa nzuri ni zile za mwanzo za usiku. Kambare hamezi kwa pupa: kwanza anavuta kidogo, anaachia, anavuta tena. Ukistuka kwenye mvuto wa kwanza unamnyang'anya chambo. Subiri mshipi uanze kwenda kwa uzito, ndipo ukaze.

*Mto au ziwa.* Kote unafaa, ila mtoni ndiko unakong'ara. Mto una mahali pa kusoma: upande wa nje wa kona ambako maji yamechimba, nyuma ya gogo lililoanguka, chini ya ukingo uliomegwa, na hasa pale kijito kinapoingia mtoni na kuleta wadudu na minyoo. Kambare hakai penye mkondo mkali. Hukaa kando yake, akingoja mkondo umletee. Ukishajua vituo vitatu vya namna hiyo karibu na kwako, mshipi unakutosha. Ziwani mambo yanakuwa mapana. Ukiwa nchi kavu unafikia tu ukanda mwembamba wa pwani, na kama mahali penyewe ni mchanga mtupu unaweza kukaa usiku mzima bure. Tafuta ukingo wa mafunjo na matete, midomo ya mito, na mahali wanaposafishia samaki, ambako utumbo hutupwa majini.

*Chambo.* Minyoo ya ardhini kwa samaki wadogo; utumbo wa kuku, vipande vya ini, na vipande vya samaki kwa wakubwa. Dagaa wana harufu nzuri ya kuita samaki lakini ni laini, hutoka kwenye ndoano upesi. Kule Ziwa Kariba wavuvi humvua vundu, jamaa mkubwa wa kambare, kwa kipande cha sabuni, na wanayo sababu: sabuni hutengenezwa kwa mafuta, na harufu yake huenea majini huku kipande chenyewe kikikaa kwenye ndoano.

*Hali ya samaki.* Nzuri. Ndoano ikishika pembeni mwa mdomo samaki anabaki mzima, na aliye mdogo unamrudisha akaendelea kukua.

*Hatari.* Umesimama ukingoni usiku. Rufiji, Rukwa, Malagarasi na sehemu nyingi za Ziwa Victoria zina mamba, na kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni kwa njia zake zilezile. Usikae kwenye njia ya kiboko, usikae chini kabisa miguu ikigusa maji, usiende peke yako.

*Kinachobaki majini.* Karibu hakuna, ukiokota vipande vya nailoni ulivyokata.

Unamfaa anayetafuta kitoweo, anayevua kwa mapumziko, na anayejifunza. Haumfai anayetegemea samaki kulipa ada ya shule.

Kamba ya ndoano nyingi

Kamba mama hulazwa chini ya maji, na kila baada ya nafasi huning'inia kishipi kifupi chenye ndoano. Anayeanza hutosheka na ndoano 30 au 50. Wa ziwani wenye mitumbwi huenda mbali zaidi ya hapo. Inatupwa jioni, inavutwa alfajiri.

*Gharama.* Kamba na ndoano zenyewe si mzigo mkubwa. Mzigo ni chambo, maana kila ndoano inakula chake kila usiku, na mtumbwi, maana bila chombo unalaza kamba fupi tu kutoka ukingoni. Kabla ya kununua ndoano 200, hesabu chambo cha wiki nzima. Wapo waliokuwa na ndoano nyingi kuliko furu, wale samaki wadogo wa chambo, wa kuweka juu yake, kamba ikawa inalala nyumbani.

*Kazi na muda.* Usiku unalala, lakini saa mbili za jioni za kuweka chambo na saa mbili za asubuhi za kuvuta na kupanga upya ni kazi ya kweli. Kanuni moja ya ufungaji iokoe mikono yako: nafasi kati ya kishipi na kishipi izidi mara mbili ya urefu wa kishipi. Kishipi cha nusu mita kiachie mita moja na nusu. Ukibana, kambare wawili wakijiviringisha wanakufungia fundo utakalolifumua hadi adhuhuri. Panga ndoano kwenye ukingo wa beseni kwa mfuatano, kamba ikijikunja katikati, ili wakati wa kutupa zitoke moja moja.

*Mto au ziwa.* Hii ni zana ya ziwa. Ziwani una nafasi: kamba inalazwa sambamba na ukingo wa mafunjo au kutoka kwenye kina kifupi kwenda kirefu, jiwe kila mwisho, na dumu la plastiki juu liwe boya la kuonyesha ilipo. Ukiiendeleza hadi penye kina na mawe, utakutana na mbofu pia. Mtoni ni shida nyingine. Mkondo huleta magogo, nyasi na matakataka, na kamba iliyokatiza mto inakusanya yote hadi inakatika, tena inaweza kumnasa mwenye mtumbwi anayepita. Ukiitumia mtoni, ifunge kwenye mti na uilaze kufuata ukingo, fupi, kwenye maji yaliyotulia. Kwenye Ziwa Victoria jihadhari na gugu maji: upepo ukibadilika usiku, kisiwa cha magugu kinaweza kuikokota kamba na boya lake.

*Hali ya samaki.* Mchanganyiko. Waliokamatwa alfajiri wako hai, waliokaa tangu jioni wamechoka, na ukichelewa kuvuta, wengine utawakuta wameliwa na kenge, fisi maji au kobe wa majini. Mbofu wengi utawapata wamekufa. Kwa soko la samaki wa kubanika hilo halina neno, kwa kuwa utawapasua asubuhi ileile. Kwa mteja anayetaka kambare anayeruka kwenye beseni, inakupunguzia bei.

*Hatari.* Ndoano mkononi ndiyo ajali ya kila siku: samaki anavuta upande wake, wewe upande wako, na ndoano tupu iliyo nyuma inaingia kidoleni. Uwe na kisu karibu kila unapovuta, na uvute ukiwa umekaa, mtumbwi umetulia. Halafu kuna ziwa lenyewe. Dhoruba za Ziwa Victoria huja usiku na huja haraka, na kila mwaka watu wanazama. Koti la kujiokolea livaliwe. Likiwekwa chini ya ubao wa mtumbwi halimwokoi mtu.

*Kinachobaki majini.* Ndoano zinachagua ukubwa wa samaki vizuri kiasi: kubwa humwacha mdogo. Lakini kamba iliyopotea inaendelea kunasa, na furu wanaovuliwa kuwa chambo nao ni samaki wa ziwa hilohilo.

Inamfaa mwenye mtumbwi au mwenzi mwenye mtumbwi, aliye karibu na soko, anayevua karibu kila siku. Haimfai wa mara moja kwa wiki.

Mgono

Mgono ni mtego wa kusukwa kwa fito, mianzi au matete, wenye mlango wa ndani unaopungua kuelekea ndani: samaki anaingia, na ncha za mlango zinamzuia kutoka. Siku hizi wengine hutengeneza kwa waya wa kuku na fremu ya chuma. Ni zana ya zamani sana, na kwa maji ya mbuga na mabwawa madogo sijaona inayoizidi.

*Gharama.* Ukijua kusuka, ni kazi ya mikono na panga tu. Ukinunua kwa fundi, bei inategemea ukubwa na umbali wa mianzi. Mgono wa fito unaoza baada ya msimu au miwili. Wa waya unadumu kidogo zaidi lakini hushika kutu, na ukisombwa na maji unabaki ukinasa samaki wasio na mwenyewe. Kwa sababu hiyo napendelea wa fito.

*Kazi na muda.* Ukishauweka, unafanya kazi wakati wewe uko shambani. Unapita asubuhi, unatoa samaki, unaongeza chambo, unaendelea na safari. Chambo ni cha jikoni: ukoko wa ugali, pumba iliyokandwa, utumbo wa samaki, machicha ya pombe. Harufu ya machicha inakwenda mbali.

*Mto au ziwa.* Mgono unapenda maji membamba: vijito, mifereji ya mashamba, mapito ndani ya mafunjo, kingo za mbuga zilizofurika. Kwenye mto wenye mkondo, kama umetia chambo, elekeza mdomo wa mgono kule maji yanakokwenda, kwa kuwa harufu hushuka na maji na kambare hupanda akiifuata. Wakati maji ya mafuriko yanarudi, geuza: mdomo uelekee mbugani, samaki wanakotokea. Funga kwa kigingi pande zote mbili. Katika mto mkubwa uliojaa usipoteze muda, utausaka kijiji cha chini. Ziwani, kwenye maji wazi, mawimbi huubingirisha na kuuvunja. Uweke ndani ya matete tu.

Jambo moja wanaoanza hawaambiwi: kwenye maji ya tope yaliyotulia, usiuzamishe mgono wote. Acha sehemu ya juu iguse hewa. Kambare aliyenaswa anahitaji kupanda kuvuta pumzi, na akizuiwa chini ya maji yasiyo na hewa ya kutosha, asubuhi unatoa mzoga.

*Hali ya samaki.* Bora kuliko zote. Hana jeraha la ndoano, yuko mzima, na unaweza kumweka kwenye pipa lenye maji kidogo hadi siku ya gulio. Kuna pia soko ambalo wengi hawalifikirii: wavuvi wa sangara wa Ziwa Victoria hutumia kambare wadogo walio hai kuwa chambo cha ndoano zao, kwa sababu kambare haachi kucheza kwenye ndoano. Wafugaji wengine wanazalisha vifaranga kwa ajili ya soko hilo peke yake, na huo ndio mwelekeo ninaoupenda, kwani unaziachia mbuga zipumue.

*Hatari.* Kuingia majini. Kwenye maji yaliyotulia ya ukanda wa Ziwa Victoria na mashamba ya umwagiliaji kuna kichocho, kwa hiyo vaa mabuti ya mpira marefu na ukiona dalili kapime. Usitie mkono ndani ya mgono kabla hujaangalia: nyoka wa majini nao hufuata samaki. Kambare mwenyewe mshike nyuma ya kichwa, vidole vikiwa nyuma ya ile miiba miwili ya kifuani.

*Kinachobaki majini.* Inategemea wewe kuliko zana. Mgono mmoja pembeni ya kijito ni uvuvi. Migono kumi iliyopangwa bega kwa bega na uzio wa fito kutoka ukingo hadi ukingo ni ukuta.

Unamfaa mkulima wa bondeni, mwenye kuuza samaki hai, na mtu ambaye siku yake imejaa kazi nyingine. Haumfai mwenye maji wazi ya ziwa wala anayelenga samaki mmoja mkubwa.

Msimu wa kupanda

Mvua za kwanza za masika au vuli zinapogonga, kambare hupanda vijito kwa wingi, usiku, wengine wakijikokota kwenye maji yasiyofunika mgongo wao. Siku hizo mtoto mwenye panga anaweza kujaza gunia. Najua furaha yake, najua pia kwamba ni kipindi ambacho nyumba nyingi hazina mboga.

Lakini majike wanaopanda wamejaa mayai. Jike mmoja hubeba makumi ya maelfu ya mayai, huyamwaga kwenye nyasi zilizofurika usiku mmoja, na mayai huanguliwa kwa muda wa siku moja au mbili hivi maji yakiwa ya joto. Wazazi hawakai kulinda. Maana yake ni kwamba kazi yote ya kizazi kijacho inafanyika katika usiku huo mchache, na anachohitaji kambare kwetu ni kuachiwa njia. Ukifunga kijito kizima kwa uzio na migono, unawatoa waliopaswa kuwa samaki wako wa mwaka ujao na wa mwaka wa tatu. Acha angalau nusu ya upana wa kijito wazi, na usitege kabisa katika mvua hizo za mwanzo. Tega wanaporudi. Wakati huo wameshataga, maji yanapungua na kuwakusanya yenyewe kwenye mapito, na mavuno ni mazuri kwa kazi ndogo. Kwa mshipi na kamba ya ndoano tatizo hili ni dogo, maana kambare aliye safarini kutaga hashughulikii sana chambo. Ni mgono ndio unaotaka nidhamu.

Sheria, kwa kifupi

Tanzania ina Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na Kanuni za 2009. Kenya ina Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016. Zote zinataka leseni kwa anayevua kibiashara, na sumu na baruti ni kosa popote. Anza kwa ofisa uvuvi wa halmashauri au kaunti na kwa BMU, yaani kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi kwenye mwalo wako, pale mitumbwi inaposhushia samaki, kwa sababu maeneo ya kuzalia samaki hufungwa, na misimu pia: Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania lilifungwa kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei 2024. Angalia pia mipaka ya hifadhi. Sehemu ya bonde la Kilombero ni pori la akiba, na mtego uliowekwa upande usio wake unaweza kukupeleka mahakamani.

Uchague kwa hali yako

Unakaa karibu na mto na unataka mboga ya nyumbani mara mbili kwa wiki: mshipi. Chunguza vituo vyako wakati wa kiangazi, maji yakiwa madogo na mashimo yakionekana, ili mvua zikija uwe unajua kilicho chini.

Unalima mpunga Usangu, Kilombero au Ahero, na mifereji inapita mlangoni: migono miwili au mitatu, uikague unapokwenda na kurudi shambani. Samaki utakaowapata maji yanapokauka mfululizo wa siku chache watazidi mahitaji ya nyumba, kwa hiyo andaa kichanja cha kubanikia mapema. Kambare aliyebanikwa vizuri hukaa na husafiri. Ute wake utoe kwanza kwa chumvi au majivu kabla ya kumweka juu ya moshi.

Uko mwaloni, una mtumbwi na mwenzako wa kuaminika: kamba ya ndoano, ukianza na 50. Ongeza baada ya kuona chambo kinapatikana kila siku, si kabla. Kama kwenu wateja wengi ni Wasabato, ambao hawali samaki asiye na magamba, ulizia kwanza soko la mji wa pili au wachuuzi wa samaki wakavu, maana unaweza kuvua vizuri na kukosa wa kumuuzia.

Unataka kuuza samaki hai, kwa hoteli, kwa wafugaji au kwa wavuvi wa sangara: mgono, bila kusita. Ndoano inamwachia kambare kidonda, na mnunuzi wa samaki hai hukitazama hicho kwanza.

Una kazi mjini na unatafuta utulivu wa Jumamosi jioni: mshipi, au fimbo ukiipenda, mahali ambapo wenyeji wanakuhakikishia hapana mamba, na uulize juu ya kibali cha uvuvi wa burudani.

Una mto upande mmoja na ziwa upande wa pili, na fedha za zana moja tu: nunua mshipi sasa, uvue msimu mmoja wa kiangazi kote kuwili. Ukiona samaki wako wengi wametoka kwenye mapito membamba, fundi wa migono ndiye wa kumwendea. Ukiona wametoka ukingoni mwa mafunjo penye kina, uzi uliobaki na ndoano hizohizo utavifunga kwenye kamba mama, na zana ya pili itakugharimu nusu.